Vita Vilivyokuja Baada ya Bendera

Jette ni moja ya manispaa 19 zinazounda jiji la Brussels. Iko kaskazini magharibi, jirani na Laeken lilipo kasri la wafalme wa Ubelgiji. Bustani yake kubwa inafuata bonde la kijito cha Molenbeek na kuishia kwenye misitu ya Laarbeek na Poelbos. Siku ya jua utaona wazee wakitembeza mbwa na watoto wakicheza mpira, na miongoni mwao wamo wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Bustani hiyo ina jina la Mfalme Baudouin.

Ni Baudouin yuleyule aliyesimama Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 30 Juni 1960, kukabidhi nchi kwa wenyewe. Katika hotuba yake aliuelezea uhuru wa Kongo kuwa ni kilele cha kazi iliyoanzishwa na Leopold II, akamsifu mfalme huyo kwa kipaji chake, kisha akawapa Wakongo nasaha za mzazi anayemwachia mtoto nyumba. Waziri Mkuu Patrice Lumumba hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji, lakini alisimama akasema. Alitaja matusi, vipigo, ardhi iliyonyang'anywa na sheria moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi. Zaidi ya yote alisema kwamba uhuru huo haukutolewa na mtu, ulipatikana kwa mapambano. Wabelgiji walikasirika kiasi kwamba karamu ya mchana ilichelewa, na mfalme alikaribia kupanda ndege arudi kwao.

Hotuba hizo mbili ziliacha mgogoro ambao haujaisha hadi leo, Kinshasa wala Brussels. Je, Kongo ilipigania uhuru wake? Kenya ina Mau Mau, Algeria ina miaka yake minane ya damu, Angola na Msumbiji zina misitu yao na makaburi yao. Kongo, kwa jinsi inavyofundishwa kwa kawaida, ina mkutano wa mwezi mmoja mjini Brussels na wimbo wa kuchezea dansi. Ukifuata matukio kwa utaratibu wake, picha inabadilika. Wakongo walipigana kabla ya mkutano ule, vipande vipande, kwa zaidi ya nusu karne. Wakapigana tena baada yake, na vita hivyo vya baadaye ndivyo vinavyostahili kuitwa vita vya uhuru wa Kongo. Vilianza bendera ikiwa tayari inapepea, vikaisha kwa kushindwa, na ndiyo maana havihesabiwi.

Tukianza na vipande vya mwanzo, msomaji wa pwani atakumbuka kwanza vita vya Maniema vya mwaka 1892 hadi 1894. Vilipiganwa kati ya majeshi ya Leopold na mabwana wa pembe na watumwa waliotoka Zanzibar na Tabora. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akauawa mwaka huohuo. Wapo wanaovisimulia vita hivyo kama upinzani wa Waafrika dhidi ya ukoloni. Si haki kwa Wakusu, Wasongye na Watetela ambao walikufa pande zote mbili. Hapo walipigana wavamizi wawili wakigombea mali ileile, na mwenyeji hakuulizwa.

Upinzani wenyewe ulizaliwa kutokana na vita hivyo. Ngongo Lutete, jemadari aliyewaacha akina Sefu na kuwasaidia Wabelgiji kushinda, alipigwa risasi na Wabelgiji haohao Septemba 1893. Watu wake wengi walikuwa wameingizwa katika Force Publique, jeshi la Leopold. Julai 1895 askari wa kambi ya Luluabourg waliasi, wakamuua kamanda wao na kuteka sehemu kubwa ya Kasai na Lomami. Miaka miwili baadaye msafara mkubwa wa kamanda Dhanis uliokuwa ukielekea Nile nao uliasi njiani. Mabaki ya waasi hao yalisumbua dola hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kusini, Msiri wa Bunkeya alikuwa ameuawa Desemba 1891 kwa kukataa bendera ya Leopold, na huko Katanga Kasongo Nyembo wa Waluba hakutiwa mkononi hadi mwaka 1917.

Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme wake mwaka 1908, baada ya kashfa ya mpira na mikono iliyokatwa. Wanahistoria wanabishana kuhusu idadi ya waliokufa chini ya Leopold. Kuhusu ukubwa wa maafa hawabishani. Mipango ilibadilika, lakini kiboko cha ngozi ya boko kilibaki, na kazi ya lazima ilibaki.

Ushahidi wa hilo ulionekana Kwilu mwaka 1931. Wapende walikuwa wakilazimishwa kupanda michikichi mirefu na kuangua chikichi za kampuni ya mafuta ya Lever. Bei ya zao iliposhuka kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani, kodi haikushuka pamoja nayo. Wakaasi. Juni mwaka huo afisa wa Kibelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na mwili wake ukakatwakatwa. Jeshi lililotumwa kulipiza liliua Wapende zaidi ya 500. Wengi wao walikabili bunduki wakiwa na mishale, na wakiamini kwamba dawa ingewakinga. Jina la Kwilu likumbukwe, kwani litarudi.

Orodha inaendelea. Simon Kimbangu alihubiri kwa miezi michache tu mwaka 1921, akahukumiwa kifo, akapunguziwa hukumu, akafungwa miaka 30 hadi alipofia Élisabethville mwaka 1951. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya kampuni ya shaba ya Union Minière waligoma, wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakafa makumi. Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi kwa mara nyingine, na mwaka huohuo wafuasi wa dhehebu la Kitawala waliinuka Masisi na Lubutu, wakazimwa.

Kwa nini moto mwingi hivyo haukuungana ukawa moto mmoja? Ukubwa wa nchi ni sehemu ya jibu: Kongo ni zaidi ya mara 70 ya Ubelgiji. Jibu kubwa zaidi ni ufundi wa dola yenyewe. Askari wa Force Publique aliyezaliwa Uele alipelekwa kulinda Kasai, na wa Kasai akapelekwa Kivu, ili asiwahi kumwelekezea mtutu ndugu yake. Mtu hakuhama wilaya bila karatasi. Mwenye ulimi mkali alihamishiwa kwa lazima jimbo la mbali, huku shule za wamisionari zikifundisha wengi hadi kiwango cha ukarani na kuishia hapo. Kufikia mwaka 1960 Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000, na ofisa Mkongo hakuwepo hata mmoja. Nchi iliyotengenezwa namna hiyo inaweza kuasi kila mwaka. Kuendesha vita virefu vyenye kamati kuu, vyuo vya mafunzo na mgongo nje ya mpaka, kama ilivyofanya FRELIMO ya Msumbiji ikiwa Tanzania, ni jambo jingine kabisa.

Kisha mambo yakaenda kasi kuliko alivyotazamia yeyote. Mwaka 1955 profesa wa Kibelgiji, Jef Van Bilsen, alipendekeza mpango wa kuiandaa Kongo kwa uhuru katika miaka 30, na serikali ikamwona mtu wa hatari. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa chama cha ABAKO ulizuiwa Léopoldville na mji ukalipuka. Serikali ilitangaza waliokufa kuwa chini ya 50, lakini wenyeji walihesabu zaidi. Siku tisa baadaye Baudouin alitamka uhuru redioni. Oktoba mwaka huohuo damu ilimwagika Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, na Lumumba akatiwa ndani.

Ubelgiji ilikuwa na sababu zake za kukimbia. Ilikuwa ikiitazama Ufaransa inavyozama Algeria baada ya kushindwa Dien Bien Phu mwaka 1954. Katiba yake haikuruhusu vijana walioitwa jeshini kwa lazima kupelekwa koloni bila hiari yao, na wasoshalisti walikuwa wameapa kwamba hata askari mmoja asipelekwe Kongo kufa. Hapo Lumumba anapata nguvu katika hoja yake: kilichoitisha Brussels ni watu wa Léopoldville na Stanleyville waliokuwa tayari kufa barabarani. Zawadi haitolewi kwa kuchungulia dirishani kama nje kumewaka.

Mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Brussels tarehe 20 Januari 1960. Wajumbe wa Kongo waliwashangaza wenyeji wao kwa kusimama pamoja, wakamtoa Lumumba gerezani, naye akaja mezani akiwa na alama za pingu mikononi. Ndani ya wiki moja tarehe ya uhuru ilipatikana. African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyokuwa imeletwa kuwatumbuiza wajumbe, ikaimba uhuru huo mjini humohumo, na Afrika nzima ikaucheza.

Meza ya pili haichezewi dansi. Ilikaa Aprili na Mei 1960 kujadili uchumi, na vigogo wa siasa walikuwa wamesharudi nyumbani kwenye kampeni. Upande wa Kongo uliwakilishwa zaidi na vijana na wanafunzi. Chama cha Lumumba kilimtuma Joseph Mobutu, mwandishi wa habari aliyekuwa akiishi Brussels. Waliokaa mbele yao walikuwa mabingwa wa mabenki na makampuni. Siku chache kabla ya bendera kubadilishwa, Ubelgiji ilivunja shirika maalumu la Katanga ambalo kupitia kwake dola ya Kongo ingekuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière. Kwa hiyo nchi ilipata rais, waziri mkuu na wimbo wa taifa, na funguo za shaba zikabaki kwingine. Swali la vita vyote vijavyo limo katika meza hiyo.

Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, kamanda wa Force Publique, aliwaandikia askari wake ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Jioni hiyo waliasi. Tarehe 10 majeshi ya Ubelgiji yaliingia bila kuombwa na serikali ya Kongo. Tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga, na maofisa wa Kibelgiji wakawa uti wa mgongo wa jeshi lake. Lumumba aliondolewa Septemba, akakamatwa Desemba, akauawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, Wabelgiji wakiwa wamesimama pale. Polisi wa Kibelgiji ndiye aliyeiyeyusha miili yao kwa tindikali. Bendera ilikuwa na miezi sita na nusu.

Ukiwa mkulima wa Kwilu au mvuvi wa Uvira mwaka 1963, umebadilikiwa na nini? Mshahara wa wabunge umepanda, mwalimu wa kijiji halipwi, bei ya sabuni na kitenge imepaa, na askari anayekunyang'anya kuku ni yuleyule. Watu walianza kusema wanataka uhuru wa pili.

Kwilu ndiko kulikoanza. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu wa Lumumba, alirudi kwao kwa siri mwaka 1963 baada ya mafunzo China, akafungua kambi msituni miongoni mwa Wambunda na Wapende. Vijana waliomfuata walikuwa wana na wajukuu wa walioiona bunduki ya mwaka 1931. Januari 1964 mashambulizi yakaanza dhidi ya vituo vya serikali, makampuni na misheni. Mapadri watatu wa Kibelgiji waliuawa Kilembe mwezi huo.

Mashariki moto ulikwenda haraka zaidi, na uliongea Kiswahili. Kiongozi wa waasi Gaston Soumialot na wenzake walijipanga Bujumbura. Mei 1964 Uvira ikaanguka mikononi mwa vijana wa Kifulero na Kibembe, Juni Albertville, yaani Kalemie ya leo, Julai Kindu. Mapema Agosti wapiganaji wa Nicolas Olenga waliingia Stanleyville, na Septemba Christophe Gbenye akatangaza humo Jamhuri ya Watu wa Kongo. Karibu nusu ya nchi ilikuwa nje ya mamlaka ya Léopoldville, kazi ya miezi minne.

Waliitwa Simba. Kijana aliyejiunga alichanjwa na kunyunyiziwa dawa na mganga, kisha akapewa miiko: asiibe, asiguse mwanamke, asigeuke nyuma vitani. Akiishika, risasi ingekuwa maji. Ndiyo maana walipiga kelele za mai, mai Mulele wakiikimbilia mitutu. Mtanzania atamkumbuka hapo Kinjeketile wa Ngarambe na Maji Maji ya mwaka 1905, ambayo Wajerumani waliizima kwa bunduki na kwa njaa hadi watu 75,000 kwa hesabu yao wenyewe wakafa, na wengine wanahesabu 300,000. Tofauti ni kwamba Kongo, kwa miezi kadhaa, imani hiyo ilishinda. Askari wa serikali nao waliiamini. Walipoona umati wa Simba ukija bila kuinama, walitupa silaha na kukimbia, na miji ikatekwa kwa simu: Simba walipiga kutangaza saa ya kufika kwao na kambi ikahamwa.

Ushindi wa haraka uliwaponza. Walitembea barabarani kwa malori, mji hadi mji, bila kuacha nyuma yao utawala wala shule ya siasa. Walilipiza kisasi kwa yeyote aliyevaa tai: makarani, walimu, wafuasi wa vyama vingine. Maelfu waliuawa, na mauaji ya Stanleyville chini ya mnara wa kumbukumbu ya Lumumba hayapaswi kufichwa na mtu anayewatetea. Viongozi waligombania vyeo. Mulele, aliyekuwa makini kuliko wote, alibaki amezingirwa Kwilu, mamia ya kilomita kutoka kwa wenzake.

Hata hivyo hawakuangushwa na makosa yao peke yake. Julai 1964 Tshombe, yuleyule wa Katanga, aliletwa kuwa waziri mkuu. Ubelgiji ikamtuma Kanali Frédéric Vandewalle kupanga mashambulizi. Marekani ikaleta ndege, nyingine zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro. Mike Hoare akakusanya mamluki weupe, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia. Simba, walipobanwa, wakawakamata wazungu wa Stanleyville kuwa mateka, jambo lililoipa dunia sababu ya kutazama kwingine.

Jomo Kenyatta alikuwa ameteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuongoza tume ya usuluhishi. Tarehe 23 Novemba 1964 mjini Nairobi alimkalisha balozi wa Marekani, William Attwood, mbele ya Thomas Kanza, aliyekuwa akiwasemea Simba mambo ya nje. Alfajiri ya siku iliyofuata ndege za C-130 za Marekani ziliwadondosha makomandoo wa Kibelgiji zaidi ya 300 juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville. Simba waliwafyatulia risasi mateka waliokuwa wamewatoa barabarani, wakafa makumi, akiwemo daktari mmisionari Paul Carlson. Zaidi ya 1,600 waliokolewa. Wakati huohuo majeshi ya Vandewalle na mamluki yaliingia mjini, na yaliyowapata Wakongo siku na wiki zilizofuata hayakupigwa picha nyingi. Kenyatta alijiona amesalitiwa, na Nairobi waandamanaji wakaingia barabarani.

Ubelgiji, iliyokataa kupeleka askari kuilinda koloni yake mwaka 1959, ilipeleka makomandoo miaka mitano baadaye katika nchi huru. Waziri wake wa mambo ya nje, Paul-Henri Spaak, aliiita kazi ya kibinadamu, na kwa waliookolewa ilikuwa hivyo kweli. Lakini operesheni hiyo ilikwenda bega kwa bega na jeshi lililoinyakua Stanleyville asubuhi hiyohiyo, na serikali ya Gbenye haikuiona jioni.

Kilichobaki kilihamia kando ya Ziwa Tanganyika. Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwa siri akiwa na jina la Tatu, akakuta Fizi wapiganaji jasiri wasio na makamanda. Viongozi walikuwa Dar es Salaam na Cairo, akiwemo Laurent Kabila ambaye Che alimsubiri kwa miezi. Novemba Che aliondoka, na mwezi huohuo Mobutu akajitwalia nchi. Mulele alishawishika kurudi Kinshasa mwaka 1968 kwa ahadi ya msamaha, akauawa.

Je, hivi vilikuwa vita vya uhuru? Anayekataa husema Mkongo alimuua Mkongo, na hilo ni kweli. Lakini Kenya pia Mkikuyu wa Home Guard alimuua Mkikuyu wa Mau Mau, na Algeria maelfu ya Waalgeria walivaa sare ya Kifaransa. Kigezo si rangi ya anayefyatua. Kigezo ni nani anapanga, nani anagharamia na mali ya nani inalindwa. Mwaka 1964 mipango ilikuwa ya Vandewalle, ndege zilikuwa za Washington na shaba ilikuwa ya Union Minière. Simba walidai kile ambacho meza ya pili ya mwaka 1960 iliwanyima wazazi wao. Walikidai vibaya mara nyingi, na kwa ukatili. Dai lenyewe lilikuwa la haki.

Brussels imeanza kupekua vitabu vyake. Mwaka 2002 serikali iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo cha Lumumba. Juni 2018 kiwanja kidogo chenye jina lake kilifunguliwa ukingoni mwa mtaa wa Matonge, na Juni 2022 jino lake, mabaki yake pekee, likakabidhiwa kwa familia. Tuneli ya Leopold II, inayopeleka magari upande wa basilika ya Koekelberg, jirani na Jette, imepewa jina la mwimbaji Annie Cordy. Barabara fupi karibu na soko la hisa la zamani bado inaitwa Tabora, mji ambao Force Publique iliuteka kwa Wajerumani Septemba 1916 kwa miguu na migongo ya Wakongo.

Bunge la Ubelgiji liliunda tume maalumu mwaka 2020 kuuchunguza ukoloni. Tume ilisikiliza mamia ya watu, ikaandaa mapendekezo zaidi ya 100, kisha ikavunjika Desemba 2022 kwa sababu baadhi ya vyama havikukubali kuomba radhi, vikihofia madai ya fidia. Wengi walilia na kushindwa huko. Mipaka ya uchunguzi wenyewe haikuzungumzwa sana: kwa Rwanda na Burundi ulikomea mwaka 1962, na kwa Kongo mwaka 1960. Kwa hesabu hiyo makomandoo wa Stanleyville, mipango ya Vandewalle na vijana waliozikwa bila majina Uvira, Kindu na Fizi hawakuwa sehemu ya ukoloni, na hakuna mbunge aliyetumwa kuwauliza.